Donnarumma aliitwa msaliti kwa kumaliza mkataba wake, lakini klabu iliyomtupa pembeni imeitwa yenye maono

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na wala sitajifanya kuificha. Kila jina la kipa wa Italia, Gianluigi Donnarumma, linapotajwa humu, haichukui muda mtu anaandika kwamba ni mpenda fedha aliyeisaliti Milan, kisha mwenzake anaongezea kwamba kipa huyo hajui kutumia miguu kupiga pasi na ndiyo maana Paris Saint-Germain (PSG) walimwondoa. Ninacholalamikia ni kwamba watu walewale wanaomhukumu mchezaji kwa kuutumikia mkataba wake hadi siku ya mwisho ndio wanaoipigia makofi klabu iliyomweka kando mkataba ukiwa bado haujaisha.

Tuanze na Milan, kwa sababu huko ndiko maneno yalikoanzia. Oktoba 25, 2015, kocha Siniša Mihajlović alimweka benchi Diego López, kipa aliyewahi kulinda lango la Real Madrid, akamkabidhi lango kijana wa miaka 16 kutoka Castellammare di Stabia kwenye mechi dhidi ya Sassuolo. Milan ya siku hizo ilikuwa imeshachoka: makocha waliingia na kutoka, Silvio Berlusconi aliiuza klabu kwa wawekezaji wa China mwaka 2017, na mwaka uliofuata wadai wa Kimarekani wakaichukua. Katika vurugu zote hizo kijana yule alikuwa langoni. Kombe pekee alilotwaa na Milan ni Supercoppa (Super Cup ya Italia) ya Desemba 2016 mjini Doha, ambapo alipangua penalti ya Paulo Dybala wa Juventus akiwa na miaka 17.

Miezi sita baadaye, alipositasita kuongeza mkataba, alilipwa nini? Akiwa Poland na timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 21, mashabiki walimrushia noti bandia za dola nyuma ya goli na kumbandika jina la Dollarumma. Alikuwa na miaka 18. Jambo ambalo hakuna anayelitaja humu ni kwamba mwezi uliofuata alisaini, akabaki miaka minne mingine na kufikisha mechi 251. Mkataba ulipofika ukingoni mwaka 2021, pande mbili hazikuelewana kuhusu mshahara, Milan wakamsajili Mike Maignan kutoka Lille, naye akaondoka akiwa mchezaji huru. Klabu inayoacha mkataba uishe haidai deni kwa mtu. Kama Milan walitaka ada ya uhamisho, walikuwa na miaka minne ya kumuuza.

Sasa tazameni tarehe. Mkataba wake na Milan ulikwisha Juni 30, 2021, na PSG walimtangaza Julai 14. Katikati ya siku hizo alidaka robo fainali, nusu fainali na fainali ya Euro, mashindano ya mataifa ya Ulaya. Pale Wembley, Julai 11, alipangua mikwaju ya penalti ya Jadon Sancho na Bukayo Saka wa Uingereza, kisha akaondoka langoni akitembea taratibu kana kwamba bado kuna mkwaju mwingine, kwa sababu, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, hakuwa ametambua kwamba Italia imeshakuwa bingwa. Alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano, kipa wa kwanza kuipata heshima hiyo kwenye Euro. Miezi mitatu baadaye alirudi San Siro, uwanja wa Milan, akiwa amevaa jezi ya Italia, siyo ya PSG, kucheza na Hispania, na sehemu ya uwanja ikampigia miluzi tangu mwanzo. Ndugu zangu, hao ni Waitaliano waliokuwa wakimzomea kipa aliyewaletea kombe la Ulaya majira yaleyale ya kiangazi!

Kuhusu miguu, sitadanganya. Machi 2022 pale Bernabéu alikawia na mpira, Karim Benzema wa Real Madrid akamnyang'anya na mechi ikageuka. Pasi zake ndefu pia si za kutegemewa. Lakini kosa moja la mwaka 2022 limefanywa hukumu ya maisha, huku kazi ambayo kipa anaajiriwa kuifanya ikihesabiwa kama nyongeza tu.

Mtakumbuka Desemba 2024 alichanwa uso na njumu za Wilfried Singo wa Monaco, damu zikamtoka akatolewa nje. Machi 2025 alikuwa Anfield, uwanja wa Liverpool, kwenye Ligi ya Mabingwa, mechi ikaenda kwenye penalti, akazuia za Darwin Núñez na Curtis Jones, na Liverpool iliyokuwa ikiongoza ligi ya Uingereza ikaaga Ulaya. Nusu fainali ya marudiano dhidi ya Arsenal ndiyo mechi ambayo ningependa kila mkosoaji wake airudie. Dakika za mwanzo PSG walibanwa hadi wakashindwa kutoka kwenye eneo lao. Gabriel Martinelli akapiga kutoka karibu, kipa akaokoa. Martin Ødegaard akapiga shuti la chini kuelekea pembeni kabisa ya goli, akalifikia. Kipindi cha pili Saka alizungusha mpira uliokuwa ukielekea kona ya juu, na mkono wa Donnarumma ukaukuta. Mei 31 PSG waliifunga Inter mabao 5-0 na kuchukua Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Shukrani zilikuja Agosti. PSG walimleta kipa mwingine, Lucas Chevalier, na kwenye Super Cup ya Ulaya dhidi ya Tottenham, iliyochezwa Udine, nchini kwao Donnarumma, jina lake halikuwamo hata kwenye kikosi. Kocha wa PSG, Luis Enrique, alisema uamuzi ni wake na kwamba alihitaji kipa wa aina nyingine. Ni haki yake kama kocha. Ninachouliza ni kwa nini humu ndani hakuna aliyeandika neno "usaliti" siku ile. Mwanzoni mwa Septemba aliuzwa Manchester City kwa takribani yuro milioni 30, mchezaji ambaye PSG walimpata bila kulipa ada. Kwa hiyo, kati ya Donnarumma na klabu, nani hapa alifanya biashara?

Aliyemchukua ni Pep Guardiola, kocha yuleyule aliyemwondoa Joe Hart mwaka 2016 kwa sababu ya hiyohiyo miguu. Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Manchester United, City wakashinda 3-0, na Bryan Mbeumo alipiga mpira ukiwa hewani, jitu lile la mita 1.96 likaruka likautoa. Wiki iliyofuata akapewa Tuzo ya Yashin, ya kipa bora wa mwaka duniani, kwa mara ya pili, kwa kazi aliyoifanya katika klabu iliyokuwa imeshamwonyesha mlango.

Anayetaka kunipinga anakaribishwa, ila aje na mechi. Ataje mchezo, dakika na bao la msimu ule wa ubingwa ambalo PSG walifungwa kwa sababu ya miguu ya Donnarumma, kisha aliweke kando ya Anfield na kando ya ile nusu fainali. Asiyekuwa nalo aache kuturudishia Benzema kila wiki.