Visahani vya Kihispania kwa watu 12 Dodoma: lulu za zabibu zinagoma, tortilla inatoka kavu

kisasa_viti12:
Wakuu, habari za humu. Jiko ni dogo: gesi ya plate mbili, jiko moja la mkaa nje, friji moja, viti 12. Mpango ni mlo wa Kihispania wa mtindo mpya, visahani saba vinavyofuatana badala ya sahani moja kubwa. (Kabla hamjauliza: ndiyo, mgahawa ni wa kisasa na uko mtaa wa Kisasa.) Vitu vitatu vimekwama. Lulu za juisi ya zabibu (vitone vya duara vyenye juisi ndani): nikichanganya juisi, maji kidogo na alginati, ule unga wa kugandisha, inakuwa uji wa madonge kabla hata sijaidondosha kwenye maji ya kalsiamu. Ajoblanco, ile supu baridi ya lozi: bei ya lozi haishikiki. Na tortilla, yai la viazi la Kihispania, inatoka kavu, haina tofauti na chipsi mayai ya stendi. Halafu paella, ule wali wa sufuria pana, ikae nafasi ya ngapi?

maabara_ya_jiko:
Mkuu, mikono yako haina kosa. Kosa ni maji na zabibu. Alginati hugandishwa na kalsiamu, na maji ya visima ya huku ni magumu. Chungulia ndani ya birika lako: yale magamba meupe sehemu kubwa ni chumvi za kalsiamu. Ukikoroga alginati kwenye maji hayo inaanza kuganda wakati wewe bado unatafuta bomba la sindano. Juu ya hapo juisi ya zabibu ni chachu, pH yake (kipimo cha uchachu, namba ndogo ni chachu zaidi) ni kati ya 3 na 4, na ikishuka chini ya 4 hivi alginati haiyeyuki vizuri.

Geuza njia: kalsiamu iingie kwenye juisi, alginati ibaki kwenye bakuli. Juisi nusu lita, kalsiamu lakteti gramu 10. Usitumie kalsiamu kloridi ndani ya juisi, ni chungu. Bakulini weka lita 1 ya maji ya chupa (soma lebo, chukua yenye kalsiamu ndogo) na alginati gramu 5, saga kwa blenda ya mkono, kisha laza kwenye friji usiku kucha mapovu yaishe. Usiposubiri, lulu zinashika mapovu, zinaelea, na upande wa juu haufungi.

Juisi nyepesi nayo inatawanyika ikigusa bakuli. Igandishe kwanza kwenye trei ya barafu yenye vishimo vidogo vya duara, au ongeza zanthani (unga wa kufanya juisi iwe nzito) gramu 1 kwenye ile nusu lita. Tumbukiza moja moja zisigusane, maana zikigusana zinashikana jumla. Dakika 3, zilizogandishwa 5, kisha suuza kwenye maji safi. Unapata kitu cha ukubwa wa gololi, ngozi nyembamba nje na juisi ndani. Kwa njia hii ngozi inakua kuelekea nje, ndiyo maana katikati inabaki maji hata ukiandaa saa kadhaa kabla. Kwa ile uliyoanza nayo, lulu inaendelea kuganda mpaka kiini, hivyo lazima iliwe papo hapo. Lulu za alginati zilipata jina kwenye mgahawa wa elBulli wa mpishi Ferran Adrià, kule Roses, Katalunya, Hispania, mwaka 2003. Mgahawa ulifunga 2011, alginati ikabaki.

karanga_mbichi:
Lozi achana nazo. Ajoblanco ni ya Andalusia, Málaga hasa, na hata kule huwekewa zabibu juu. Zabibu unazo mlangoni, tumia karanga. Karanga mbichi gramu 200, chemsha dakika 5, menya ganda jekundu (likibaki supu inakuwa ya kijivu na inakwaruza koo). Zilizosinyaa au zenye ukungu tupa zote. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiishi kwa kuchemsha, na Dodoma baada ya vifo vya sumukuvu vya 2016 hilo halihitaji maelezo. Saga na mkate mweupe wa jana gramu 80, kitunguu saumu punje 1, siki vijiko vikubwa 2, chumvi, maji ya barafu mililita 600. Mafuta mililita 80 yamiminwe mwisho, uzi mwembamba, blenda ikiwa inazunguka. Ukiyamwaga kwa mkupuo yanajitenga na kuelea. Chuja. Kila mgeni apate mililita 70, zabibu mbili zilizokatwa, basi.

Tortilla: chipsi mayai hupika viazi kwa mafuta ya moto mkali, halafu yai linamwagwa juu na kukamatwa palepale. Hapa viazi havikaangwi, vinaiva taratibu ndani ya mafuta. Viazi gramu 700, vipande vyembamba, kitunguu kimoja kikubwa (Wahispania wenyewe wanagombana kama kinastahili kuwemo, kiweke), alizeti ya kuvifunika, moto mdogo dakika 20 hadi 25. Kiazi kivunjike kwa kijiko bila kuwa kahawia. Chuja mafuta, yatumie tena. Changanya na mayai 7 yaliyopigwa, acha dakika 15. Hatua hii ndiyo watu wanairuka: kiazi kinakunywa yai, ndipo ndani inabaki laini. Kikaangio cha sentimita 22, moto mkali dakika 1, mdogo dakika 3, geuza kwa sahani pana kuliko kikaangio, dakika 2 tena. Wajawazito na watoto wapewe iliyoiva hadi kati. Mafuta ya zeituni weka ya kudondoshea mezani tu.

ukoko_kwanza:
Paella itoe kabisa. Plate mbili, watu 12, wali usiokorogwa unaotakiwa kufika mezani dakika ileile, na ule ukoko wa chini wanaouita socarrat unahitaji moto sawa chini ya sufuria pana. Utaunguza katikati na kingo zibaki mbichi. Hata mchele wa Kyela, mtamu ulivyo, ni mrefu na haunywi mchuzi kama ule mfupi wa Valencia.

Panga hivi: baridi tatu kwanza (lulu, ajoblanco, mkate wa kupakwa nyanya), maana zote zinakaa tayari. Tortilla ya nne, vuguvugu, si ya moto. Kisha vya moto viwili, na cha mwisho kisiguse jiko: mkate uliokaushwa, kipande cha chokoleti nyeusi, matone ya zeituni, chembe za chumvi. Wakatalunya hula hivyo na hakuna cha kuharibika.

kisasa_viti12:
Asanteni. Nusu ya wageni ni Waislamu. Badala ya jamón, lile paja la nguruwe lililokaushwa, niweke nini? Na alginati ni halali?

maabara_ya_jiko:
Alginati hutoka kwenye mwani, haina shida. Jelatini ndiyo ya kuangalia, nyingine ni ya nguruwe. Tumia aga, nayo ni mwani. Siki chukua ya tofaa, isiwe ya mvinyo.

karanga_mbichi:
Jamón usiitafutie pacha. Nyama ya kukausha ya ng'ombe Wahispania wanayo, cecina ya León, lakini usijaribu kuitengeneza kwa joto la hapa bila chumba cha baridi. Choma hoho nyekundu na biringanya juu ya mkaa mpaka ngozi iwe nyeusi kabisa, funika kwenye bakuli dakika 15, menya kwa vidole, chana vipande virefu. Usisuuze kwa maji hata kama vipande vyeusi vimebaki, ladha yote ya moshi inaondoka nayo. Ule mchuzi uliobaki chini ya bakuli mwagia juu.