Sigara za mentholi: mdogo wangu anavuka kwenda New Hampshire kila wikendi

Dada, Lowell

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Mdogo wangu alifika Marekani havuti kabisa. Akapata kazi ya usiku ghalani, wenzake wote wanavuta Newport, sigara ya mentholi (ile yenye ubaridi wa mnanaa), akaambiwa hiyo ndiyo sigara ya watu weusi. Hapa Massachusetts hazipo madukani, basi kila wikendi anaendesha hadi Nashua, mji wa New Hampshire. Ukimsema anajibu kwamba za baridi haziumizi kifua kama zile kali. Kuna ukweli? Na akikutwa nazo, si ataharibu makaratasi yake?

Nesi, Worcester

Pole dada. Nianze na makaratasi, maana najua ndiyo yanayokunyima usingizi. Sheria ya Massachusetts inayokataza kuuza mentholi ilitiwa saini Novemba 2019 na ikaanza madukani tarehe 1 Juni 2020. Inambana muuzaji, si mvutaji. Lakini akianza kubeba maboksi na kuwauzia wenzake kazini, hayo ni magendo. Ushuru wa pakiti hapa ni dola 3.51, kule ni 1.78, na serikali inaijua vizuri tofauti hiyo. Mtu asiye raia asiikaribie kesi ya namna hiyo.

Kifua sasa. Mentholi haiondoi sumu hata chembe. Inapoza koo tu, moshi ukashuka bila kuwasha, na mwili ukakosa ile kengele ya kikohozi. Ndiyo maana anayeanza huzoea upesi, na akitaka kuacha anapata taabu zaidi.

Hilo la "sigara ya watu weusi" limenichoma. Miaka ya 1950, kati ya wavutaji weusi kumi wa nchi hii hata mmoja hakufika aliyechagua mentholi. Leo ni kama 85 katika kila mia. Haikutokea hivihivi. Hapo Boston, mtaa wa Roxbury, Marie Evans alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi alipopewa Newport za bure karibu na nyumba za serikali za Orchard Park. Mwanzoni alizibadilisha kwa peremende. Alipofika miaka 13 akawa anavuta mwenyewe. Saratani ya mapafu ikamuua mwaka 2002, ana miaka 54. Mwanawe aliishtaki kampuni ya Lorillard, iliyokuwa ikitengeneza Newport, na mwaka 2010 baraza la mahakama likampa haki. Kampuni ikakata rufaa, lakini mwisho ikalipa mamilioni. Mpe kijana habari hiyo, halafu muulize ni nani aliyeigeuza sigara hiyo kuwa yetu.

Mwenye duka, Lynn

Nesi, nakubali, ila na sisi wenye maduka tusikilizwe. Wateja wanajaza mafuta New Hampshire, wananunua sigara huko huko na soda juu, mimi nabaki na kodi ya pango. Na kuna hofu ambayo si ya duka. Eric Garner alikufa mikononi mwa polisi New York mwaka 2014, na yote yalianza kwa kushukiwa kuuza sigara mojamoja. Weusi wa hapa wenyewe wamegawanyika: NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, wanataka mentholi ipigwe marufuku, mchungaji na mtetezi wa haki Al Sharpton akaonya kwamba polisi watapata kisingizio kipya.

Nesi, Worcester

Hofu hiyo naiheshimu, kaka. Ndiyo sababu napenda sheria inayomgusa muuzaji peke yake (samahani, najua ni wewe). Marufuku ya nchi nzima tusiingoje: FDA, idara ya serikali kuu inayosimamia dawa na tumbaku, waliipendekeza 2022, ikapigwa danadana, Januari 2025 ikaondolewa mezani.

Dada, mpeleke kijana kwa daktari. Kibandiko cha nikotini na chingamu ya nikotini vikitumika pamoja hufanya kazi kuliko kimoja. Anayevuta zaidi ya sigara kumi kwa siku kwa kawaida huanza na kibandiko cha miligramu 21. Kama sigara ya kwanza ni ndani ya nusu saa baada ya kuamka, chingamu iwe ya miligramu 4. Vinginevyo 2 zinatosha. Asiitafune kama bigijii! Atafune taratibu hadi iwashe, aibane shavuni, kisha arudie. Robo saa kabla yake asinywe kahawa wala soda. Dawa hizi zinauzwa bila cheti, lakini mwombe daktari aandike, ndipo MassHealth, bima ya afya ya jimbo, ilipe. Simu ya ushauri ni 1-800-QUIT-NOW, bure. Aombe mkalimani wa Kiswahili mwanzoni kabisa.

Dada, Lowell

Asante sana. Daktari tumempata, Alhamisi. Swali moja: analala mchana. Kibandiko anaweka saa ngapi?

Nesi, Worcester

Akiamka, hata kama ni saa kumi jioni. Kila siku sehemu nyingine ya mwili, ngozi kavu isiyo na nywele. Akiona ndoto zinamsumbua, akibandue anapokwenda kulala, na chingamu iwe karibu na kitanda kwa ile hamu ya kuamkia.