Mjadala: Shule za udereva ziwalazimishe wote waanze na gari la manyuali?

Mwanagenzi wa Umoja
Jamani, nisaidieni. Niko wiki ya tatu shule ya udereva, nasoma manyuali. Jumanne gari lilinizimikia mara tano pale mzunguko wa barabara, matatu zimejipanga nyuma zinapiga honi, kondakta mmoja akashuka akanigongea mlango kwa kofi. Mwalimu ananiambia nihamie otomatiki, nichukue leseni ya B1, yaishe. Gari la nyumbani ni Vitz ya otomatiki. Lakini baba anashikilia kwamba asiyejua klachi si dereva. Mimi naona anayetaka otomatiki aachwe asome otomatiki. Mnasemaje?

Jirani wa Rongai
Msikilize mzee wako. Wa otomatiki haendeshi, anabebwa. Ukiamshwa usiku umkimbize mgonjwa, na gari lililopo plotini ni Probox ya gia, utasimama uliangalie? Tena betri ikifa, la gia watu wanne wanalisukuma, unatia ya pili, unaachia klachi, linanguruma. Na mafuta linakula kidogo. Mimi nikienda Narok, ule mteremko wa Mai Mahiu naweka fri, yaani natoa gia, kutoka juu hadi chini, mshale wa mafuta hausogei.

Mama Wawili
Anabebwa na nani? Nimeendesha otomatiki miaka tisa, Kahawa West hadi Upper Hill, watoto wawili kiti cha nyuma, mvua na jua. Hakuna aliyenibeba. Wajapani wenyewe wanaotuletea haya magari wana leseni ya otomatiki pekee tangu 1991. Njoo ukae Thika Road saa kumi na mbili unusu asubuhi, mguu wa kushoto juu ya klachi, unasogea hatua mbili unasimama, halafu unieleze faida yake. Goti langu nalitaka.

Jirani wa Rongai
Mama, sikukutaja wewe. Nimesema kwa jumla.

Mama Wawili
Ukisema kwa jumla mimi nimo.

Dereva Mstaafu
Habari ya goti na leseni nimeiruka. Wewe wa Rongai, umesema unaweka fri Mai Mahiu? Nimevuta trela Mombasa hadi Malaba miaka ishirini na sita. Salgaa tumeokota wenzetu kwa sababu ya fri hiyo hiyo, mtu anataka kubakisha lita chache auze. Lori likiwa fri, mzigo ndio unaoendesha. Unakanyaga breki, unakanyaga, kwanza unasikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, halafu kanyagio halikupi kitu tena. Na breki zetu ni za upepo: injini ikizimika, kompresa haijazi tangi, na kila ukikanyaga upepo unapungua. Tafadhali kijana, usiwafundishe watoto neno hilo.

Jirani wa Rongai
Mzee wangu, kwa heshima zote, Probox si trela. Miaka kumi sijakwaruza hata pikipiki. Nilikuja hapa kuzungumzia shule za udereva, sikuja kufundishwa kuteremka.

Binti wa Naivasha
Mwenye gari alilosafiria binamu yangu naye alikuwa na miaka mingi bila kukwaruza mtu. Lilikuwa gari dogo, si trela. Alizoea fri. Binamu yangu alikuwa kiti cha mbele. Sitaandika zaidi ya hapo, ila usituambie habari ya ukubwa wa gari.

Fundi wa Kirinyaga Road
Pole sana, dada.
Hata hayo mafuta, ndugu wa Rongai, huyabakishi. Gari la injekta likiwa ndani ya gia, ukatoa mguu kwenye akseleta mteremkoni, kompyuta inafunga mafuta. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka fri, injini inalazimika kuchoma mafuta yake ili isizime. Wakati wa kabureta ilikuwa habari nyingine, na nadhani hapo ndipo mazoea haya yalipotoka. Kwangu napokea diski za breki zimegeuka rangi ya samawati kwa moto. Nikimuuliza mwenyewe alitoka wapi, ni Mai Mahiu au Kinungi.

Mama Wawili
Kwa hiyo wanaojivunia klachi ndio wanaoitoa gia mteremkoni. Sisi tunaobebwa gari letu liko D, ile ya kwenda mbele, wakati wote.

Fundi wa Kirinyaga Road
Mama, hapo usishangilie. D peke yake mteremko mrefu haikushikii gari vya kutosha. Angalia chini ya D: kuna 2 na L, au S, au B, inategemea gari. Hizo ndizo za kuteremkia. Wateja wangu wengi wa otomatiki hawajawahi kuzigusa tangu wanunue gari.

Mama Wawili
Langu lina S na B. Kweli sijawahi. Nilidhani B ni ya kurudi nyuma taratibu. Naihamisha gari likitembea, au nisimame kwanza?

Fundi wa Kirinyaga Road
Likitembea, ila punguza mwendo kwanza kwa breki, kabla mteremko haujaanza. Utasikia injini inapandisha sauti. Usiogope, ndiyo kazi yake.

Dereva Mstaafu
Mwanagenzi, nawe nisikusahau. Gari linakuzimikia kwa sababu unaachia klachi yote kwa mara moja ukisikia honi. Vuta breki ya mkono. Tia ya kwanza. Achia klachi polepole mpaka pua ya gari iinuke kidogo na sauti ya injini izame, hapo imeshika. Usiongeze wala usipunguze mguu huo. Ongeza akseleta kidogo, ndipo uteremshe breki ya mkono. Gari halirudi nyuma hata inchi. Kondakta wa nyuma mwache agonge mlango, ana haraka zake.

Mwanagenzi wa Umoja
Asante, mzee. Hakuna aliyewahi kuniambia niisikilize sauti, huwa naambiwa tu "klachi, klachi!" Kesho nina somo saa moja asubuhi. Otomatiki nimeiahirisha, nitaomba kilima.

Jirani wa Rongai
Binti wa Naivasha, nisamehe. Niliandika kwa hasira.
Mzee, Ijumaa naenda Narok. Pale mteremkoni niwe gia ya ngapi?

Dereva Mstaafu
Ile ambayo ungepandia. Anza na ya tatu, na kabla ya kufika kanisa dogo la Waitaliano uwe umeshatia ya pili. Ukifika chini uniandikie.