Ushauri: nitajuaje mapema kama tamthilia ya mafumbo itajibu maswali yake?

Kitasa: Wakuu, naomba ushauri wa mnaozijua tamthilia za mafumbo kiundani. Nataka kuanza moja, hata ikiwa ndefu, ila sitaki kuzungushwa misimu mitano halafu mwisho uwe wa ovyo. Kuna dalili za kuangalia kabla mtu hajazama? Au kwa asili yake haziwezi kujibu zinachokianzisha? Tafadhali msimwage mtama, muuaji asitajwe.

Mpekuzi: Zinaweza, na zipo zilizoweza. Cha kuangalia kwanza ni kama waandishi walijua lini wanamaliza. Lost, ya watu waliokwama kisiwani baada ya ndege kuanguka, ilianza 2004 kwenye kituo cha ABC cha Marekani, na kwa miaka ya mwanzo waandishi hawakujua wana miaka miwili mbele yao au saba. Katika hali hiyo jibu kubwa halitoki, kwa sababu ukilitoa leo kesho huna cha kumrudisha mtazamaji. Unabaki kuongeza mafumbo. Ndiyo maana mwanzoni mwa msimu wa tatu wahusika wakuu wamefungiwa kwenye vizimba, episodi baada ya episodi, na hadithi haisogei. Mei 2007 ikatangazwa kwamba itaisha 2010, zimebaki episodi 48, na mwendo ukabadilika. Mwisho wake watu wanaubishania hadi leo, lakini kukwama kule hakukurudi.

Linganisha na Dark ya Ujerumani, 2017 hadi 2020: misimu mitatu, episodi 26, na waundaji wake waliipigia hesabu ya misimu hiyohiyo mitatu. Hiyo inafunga mafundo yake. Ukiianza, chukua karatasi uandike familia nne, Kahnwald, Nielsen, Doppler na Tiedemann, kisha gawa kila moja kwa miaka 1953, 1986 na 2019, maana hadithi inarukaruka kati ya miaka hiyo. Usipofanya hivyo utapotea kabla msimu wa kwanza haujaisha, halafu utailaumu tamthilia bure.

Shuhuda: Mpekuzi kasema kweli, ila angalia pia aina ya swali. "Nani kaua" jibu lake ni jina moja, na jina linatosha endapo dalili zilikuwa machoni pako tangu mwanzo. Msimu wa kwanza wa Broadchurch (2013) ni episodi 8, kifo kimoja, mji mmoja mdogo, na kesi inafungwa. Forbrydelsen ya Denmark (2007) ilitumia episodi 20 kwa kesi moja, ikaimaliza. Marekani walipoitengeneza upya kwa jina la The Killing mwaka 2011, msimu wa episodi 13 ukaisha muuaji hajulikani. Watazamaji wakawaka, na jibu likaja mwisho wa msimu wa pili, nao wa episodi 13. Urefu haukuwa tatizo, maana 26 haziko mbali sana na 20. Tatizo ni kukata pale ambapo mtu aliamini msimu na kesi vinaisha pamoja.

"Hapa ni wapi, na kwa nini haya yanatokea" ni swali gumu zaidi. Jibu lake ni kanuni, na kanuni ikijitokeza episodi ya mwisho inaonekana imetungwa jana. Lazima uione ikifanya kazi mapema: huyu kaivunja, yamemkuta, yule kaijua, kaitumia.

Njozi: Mimi natofautiana nanyi kidogo. Twin Peaks, iliyouliza nani kamuua msichana wa shule, iliyumba baada ya kutoa jibu. Kituo cha televisheni kiliwabana waundaji watoe jibu, muuaji akafichuliwa episodi ya 7 ya msimu wa pili wenye episodi 22, na zilizofuata zikakosa uti wa mgongo. Ikafutwa 1991. Halafu kuna The Leftovers (2014 hadi 2017, episodi 28): asilimia 2 ya watu duniani wanatoweka ghafla, na tamthilia haina haja ya kukueleza sababu. Inachouliza ni waliobaki wanaishije, na hilo inalijibu vizuri mno. Ukiianza kwa kutafuta chanzo cha kutoweka, utakasirika.

Kitasa: Asanteni sana. Na zile ambazo bado zinatoka, nianze au nisubiri?

Mpekuzi: Kukatishwa njiani kukikuuma, subiri. Waundaji walewale wa Dark walitoa 1899 mwaka 2022, episodi 8, na Januari 2023 ikafutwa.

Ukishindwa kusubiri, baada ya episodi ya tatu andika maswali yote yaliyo wazi. Msimu ukiisha, weka alama kwenye yaliyojibiwa. Lililojibiwa kwa fumbo kubwa zaidi usilihesabu. Kama hata theluthi haijafungwa, achana nayo. Sikiliza pia wahusika wanavyozungumza: mtu anajua siri, mwenzake anamuuliza ana kwa ana, naye anajibu "huwezi kuelewa sasa" wakati hana sababu yoyote ya kunyamaza. Hapo anayeficha ni mwandishi. Mara moja vumilia, ikiwa kila episodi ondoka.

Shuhuda: Na kama kusubiri jibu ndiko kunakokutesa, tafuta Columbo, tamthilia ya zamani ya mpelelezi wa polisi. Karibu kila mara muuaji unaonyeshwa mwanzoni kabisa, kinachobaki ni kosa gani litamnasa. Kila episodi inafunga kesi yake, kwa hiyo anzia popote.