Papa figo imevimba: captopril inaweza kuzuia kovu?

Kijana_Kadutu: Ndugu zangu, tuko Bukavu. Ekografi imeonyesha figo ya Papa imevimba, mkojo hauteremki. Nimesoma sana usiku. Shinikizo likipanda mle ndani, angiotensini II, homoni inayobana mishipa ya damu, inaongezeka, inaamsha protini ya TGF-beta 1, na hiyo ndiyo inaleta kovu. Panya waliofungwa mrija wa mkojo, walipopewa enalapril, dawa ya shinikizo la damu inayozuia angiotensini II isitengenezwe, kovu lilipungua. Duka la hapa lina captopril, dawa ya jamii ileile. Nimpe ngapi kwa siku?

Mama_Furaha: Pole mwanangu. Mzee wangu tulimpeleka kwa majani kule Kabare, akarudi kulima. Alikufa baadaye, lakini kwa jambo lingine.

Mzee_Nyawera: Kasiksi, pombe ya ndizi, chupa moja kila jioni. Mkojo utatafuta njia wenyewe.

Muuguzi_Ibanda: Mzee, njia imezibwa, unamwongezea maji ya nini? Kijana, figo moja ao zote mbili? Kinachoziba ni nini? Ana sonda, ule mpira wa kutoa mkojo kwenye kibofu?

Kijana_Kadutu: Zote mbili. Ni prostati, ile tezi iliyo chini ya kibofu. Sonda alikuwa nayo.

Muuguzi_Ibanda: "Alikuwa" nayo?

Kijana_Kadutu: Imetolewa. Wakwe wanaleta dote, mahari, ya dada yangu, Papa amekataa kukaa mbele yao na mfuko wa mkojo. Wewe ungemlazimisha baba yako? Na anakojoa, matone matone lakini anakojoa. Nataka tu kuzuia hiyo TGF-beta mpaka sherehe ipite.

Cheko_Tu: Dote itumwe kwa simu, wakwe wabaki kwao.

Muuguzi_Ibanda: Hayo matone ni kibofu kilichojaa kinachofurika. Gusa chini ya kitovu, utakuta pagumu. Ulichosoma ni kweli, ila umeanzia mwisho. Kwanza mkojo unarudi nyuma, seli za mirija ya figo zinavutwa, zingine zinajiua. Zinazobaki zinaita makrofaji, seli za kinga. Halafu TGF-beta inageuza fibroblasti, seli za kushikilia tishu, kuwa miofibroblasti, seli za kujenga kovu, nazo zinamwaga kolajeni, nyuzi za kovu lenyewe. Mzibo ukibaki, chanzo kinabaki. Tena angiotensini hiyohiyo ndiyo inasaidia figo iliyobanwa iendelee kuchuja. Ukiikata kwa captopril, kazi ya figo inaweza kuanguka na potasiamu ikapanda mpaka moyo usimame. Hao panya walifungwa upande mmoja, figo ya pili ilikuwa nzima.

Papa_Deo: Watoto wa leo! Dote mbele, baba nyuma.

Macho_Manne: Nyinyi mnadanganywa. Mtu wa Kadutu anayejua TGF-beta lakini hajui sonda ni ya nini? Huyu ni mwanafunzi wa udaktari, mnamwandikia kazi ya shule.

Mama_Furaha: Hata mimi nilishangaa. Na wakwe gani wanakuja katikati ya juma?

Kijana_Kadutu: Mama, tarehe walipanga wao. Kwani intaneti iko chuoni tu?

Macho_Manne: Weka kreatinini yake hapa, kile kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo.

Kijana_Kadutu: Haikupimwa. Pesa iliishia kwenye ekografi na mbuzi.

Cheko_Tu: Mbuzi huyo hajabuniwa. Namwamini.

Muuguzi_Ibanda: Aseme uongo ao kweli, jibu ni moja: sonda irudi leo, na pale kituoni wapime kreatinini na potasiamu. Wasimwache baada ya kumwekea, maana anaweza kukojoa mno akakauka. Mfuko unafungwa pajani, chini ya suruali. Wakwe hawauoni.

Kijana_Kadutu: Pajani? Hilo hatukuambiwa. Ngoja nimwambie kabla hajavaa. Na captopril nimeshalipa.

Muuguzi_Ibanda: Irudishe.

Kijana_Kadutu: Yule wa duka hakubali kurudisha kitu, ni mjomba wa bwana harusi.