Naomba ushauri: simbilisi wachanga wananiogopa
Habari zenu wapendwa. Niko Jinja, Uganda. Jumamosi nilichukua simbilisi wawili wa wiki tano, dume na jike, kwa jirani anayehama. Nimewaweka kwenye boksi la mbao lenye nyasi kavu. Majani ya napia wanakula, tena usiku nawasikia wakitafuna, lakini mchicha na pilipili hoho hawagusi, nami najua miili yao haitengenezi vitamini C. Nikinyoosha mkono wanajibanza pembeni wakitetemeka, roho inaniuma. Nimewalazia chungu kikuukuu wajifichie, na binti yangu nimemkataza kuwashika.

Je, niwaache siku ngapi kabla ya kuanza kuwazoesha mkono? Na huyo dume, nimtenge leo leo au bado mdogo? Asanteni sana.