Nimeanguka na ngazi mjengoni Nyali, kontrakta anataka nisaini elfu 15

Fundi Rangi: Asalaam aleikum ndugu zangu. Wiki tatu zilizopita nilikuwa napiga rangi kwenye mjengo Nyali. Ngazi ni ya mbao, tuliigonga wenyewe, na sakafu ilishatiwa vigae. Niko kipago cha saba, debe mkono mmoja, nikasikia miguu ya ngazi inaserereka. Nikatua kwa kisigino. Mfupa umepasuka, nimefungwa plasta. Kontrakta alilipa eksirei siku ile, tangu hapo simu hashiki. Jana kamtuma msimamizi na karatasi: nipokee 15,000 nisidai tena. Ati mimi kibarua wa siku, sina mkataba. Watoto watatu, na kodi imefika. Nisaini?

Binti Kisauni: Pole sana kakangu. Usisaini! Kulipwa kwa siku hakukuondolei haki. Sheria ya WIBA ya 2007, ile ya Kenya ya fidia kwa wanaoumia kazini, inambebesha mwajiri gharama za matibabu, na siku unazolala bila kazi unalipwa ujira wako, mwisho miezi 12. Mguu ukibaki na kasoro, hiyo ni fidia nyingine, daktari ndiye anayepima. Elfu 15 hazifiki hata nusu ya safari.

Fundi Rangi: Lakini ngazi niliiegemeza mimi. Si watasema kosa ni langu?

Mzee wa Mjengo: Mwanangu, WIBA haiangalii uzembe wa kawaida, labda ungejiumiza kusudi. Na ngazi juu ya vigae bila mtu wa kuishika chini? Hilo ni la msimamizi. Ukipanda mita nne, miguu ya ngazi yatakiwa itoke ukutani mita moja, na mikono yako ishike ngazi, debe lining'inie kwa ndoana. Leo hii mtume mwenzako aipige picha ngazi kabla haijageuzwa kuni. Meseji za M-Pesa za malipo usizifute, hizo ndizo mkataba wako.

Binti Kisauni: Mwajiri alipaswa kuripoti kwa DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, ndani ya siku saba. Wewe una miezi 12 ya kudai, ila usingoje. Nenda na karatasi za hospitali.

Fundi Rangi: Naogopa hakuna kontrakta atakayeniita tena.

Mzee wa Mjengo: Hofu hiyo naijua. Mimi nilinyamaza, bega hili halinyanyui ndoo mpaka leo, na yule tajiri hakuniita vilevile.

Fundi Rangi: Karatasi nimeirudisha bila sahihi. Jumatatu shemeji atanipeleka DOSHS kwa tuktuk.